Mlima Upi? Kuhusu Majina ya Mahali Yanayolingana

Mfasiri akutanapo na jina la mahali katika maandishi huona kama amepewa nafasi ya kupumzika. Jina halitafsiriwi, hunakiliwa tu, na kazi ikaendelea. Fikra hiyo ni sahihi nusu. Tuchukue jina Songwe. Kuna Mto Songwe ulio mpaka wa Tanzania na Malawi, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Kuna Mto Songwe mwingine, usio mbali na huo, ambao huelekea upande wa pili na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa. Tangu mwaka 2016 uko pia Mkoa wa Songwe. Taarifa isemayo kwamba "Songwe imefurika" imenakiliwa bila kosa la herufi hata moja, lakini ofisa anayetakiwa kupeleka msaada hajui aelekee ziwa gani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza tatizo la majina ya mahali yanayolingana, hasa majina ya milima na vilele, na kupendekeza utaratibu wa kuyaandika. Mifano yetu mingi tutaitoa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, kwa sababu huko tatizo hili huonekana katika sura zake karibu zote.

1. Kwa nini majina hulingana

Sababu ya kwanza ni kwamba majina mengi ya mahali yalikuwa maneno ya kawaida kabla ya kuwa majina. Katika Kisukuma na Kinyamwezi neno "lugulu" ni mlima. Neno hilo ndilo tulionalo katika Uluguru, na pia katika jina Lugulu lililoko Simiyu, na Lugulu nyingine iliyoko Bungoma, Kenya. Hakuna aliyemwigiza mwenzake. Kila jamii iliutazama mlima wake na kuuita mlima. Vivyo hivyo Kabwe, iliyo bandari katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Nkasi, ina jina sawa na mji wa Kabwe nchini Zambia, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Broken Hill. Shina la jina hilo ni ndugu wa neno letu "jiwe", na mawe hayana uhaba katika nchi hizi.

Katika Kimaasai neno "oldoinyo", ambalo twaliandika pia "oldonyo", ni mlima. Kwa hiyo haishangazi kuona Oldonyo Sambu katika Wilaya ya Arusha, upande wa kaskazini magharibi mwa Mlima Meru, na Oldonyo Sambu nyingine, ambayo ni volkano iliyozimika, magharibi mwa Ziwa Natron.

Sababu ya pili ni majina ya heshima waliyoyaacha wageni. Pengine mtu huyo huyo alipewa mahali pawili: Wajerumani waliita kituo chao cha Kasanga, katika mwambao wa Ufipa, Bismarckburg, nao walikuwa na Bismarckburg nyingine katika Togo. Pengine watu wawili tofauti walichangia jina moja. Katika Milima ya Ruwenzori uko Mlima Baker, ulioitwa kwa heshima ya msafiri Samuel Baker. Katika jimbo la Washington, Marekani, uko Mlima Baker mwingine, ulioitwa hivyo mwaka 1792 kwa heshima ya Joseph Baker, ofisa katika msafara wa nahodha George Vancouver. Kwa hiyo wale wadhanio kwamba jina la mtu mashuhuri litaepusha mkanganyiko hawana hoja yenye nguvu.

Sababu ya tatu ni sadfa tupu, na hii ndiyo inayopotosha zaidi. Mlima Meru wa Arusha, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, una jina sawa na mji wa Meru ulio kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya. Una jina sawa pia na kilele cha Meru chenye mita 6,660 katika Himalaya, nchini India. Wenyeji wa Meru zote mbili za Afrika Mashariki huitwa Wameru, na lugha zao huitwa Kimeru. Lakini Kimeru cha Tanzania ni jirani wa Kichaga, na Kimeru cha Kenya ni jirani wa Kikuyu. Mwalimu asipolieleza jambo hili, mwanafunzi atajenga historia nzima ya undugu na uhamaji juu ya jina peke yake. Kulingana kwa majina si hati ya undugu. Undugu huthibitishwa kwa ushahidi mwingine.

2. Majina yanayolingana kwa kalamu tu

Hapa ndipo mifano ya Ufipa inapotufaa zaidi. Kifipa, kama lugha nyingi za Kibantu, kina toni na kina irabu ndefu na fupi. Hati ya Kiswahili haionyeshi toni, na kwa kawaida majina yaingiapo katika ramani na orodha za serikali hupunguziwa hata irabu zake. Mlima ulio karibu na Milansi, kijiji cha kale cha utawala kinachotajwa sana katika masimulizi ya Wafipa, uliandikwa na wataalamu Itweelele. Karani atakayeandika Itwelele hatalaumiwa na mtu, lakini amekwisha ondoa kitu ambacho sikio la Mfipa hukisikia. Majina mawili yanayotofautiana kwa irabu au kwa toni, yakipita chini ya kalamu ya namna hiyo, hutoka yakiwa jina moja. Hapo ulinganaji haukuwako katika nchi. Umeletwa na ofisi.

Kinyume chake hutokea pia: jina moja huwa mawili. Milima iliyo karibu na mji wa Sumbawanga huandikwa Mbizi katika maandishi mengi ya sasa, na Mbisi katika maandishi mengine. Dola ya kale ya Nkansi imeacha jina lake katika wilaya tuiandikayo Nkasi. Milansi huandikwa pia Milanzi. Mtafiti wa misitu anayetafuta habari za Mbizi peke yake atakosa zile zilizowekwa chini ya Mbisi, na pengine atahesabu misitu miwili palipo na mmoja.

Mfano mwingine uko kaskazini, katika Mkoa wa Kigoma. Milima ambayo leo huitwa Mahale, na ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, katika maandishi ya zamani huonekana kama Mahali. Msomaji wa Kiswahili akutanapo na "milima ya Mahali" hudhani sentensi imekatika na neno moja limesahauliwa. Herufi moja imeligeuza jina kuwa neno la kamusi.

Yafaa tuongeze tahadhari. Si kila jina lionekanalo katika nchi mbili ni majina mawili. Maporomoko ya Kalambo yako mpakani, na hutajwa katika vitabu vya Tanzania na vya Zambia. Hayo ni maporomoko yale yale. Mwenye kutengeneza faharasa asiyagawe kwa sababu ya pasipoti.

3. Umuhimu wa neno la aina

Jina la mahali, likiandikwa kikamilifu, huwa na sehemu mbili: neno la aina, kama vile mlima, kilele, mto, ziwa, kata au wilaya, na jina lenyewe. Katika mazungumzo neno la aina huachwa, kwa sababu wasemaji wanajuana na wanaijua nchi yao. Katika maandishi ya serikali kuliacha ni hatari. "Sumbawanga" peke yake yaweza kuwa mji, manispaa au wilaya. "Kalambo" ni mto, ni maporomoko, na sasa ni wilaya. "Malonje", karibu na Sumbawanga, hutajwa katika maandishi pengine kama mlima na pengine kama uwanda, na liko pia shamba lijulikanalo kwa jina hilo.

Maneno ya aina nayo yatumike kwa uangalifu. Mlima ni mwinuko mzima. Kilele ni sehemu yake ya juu kabisa. Safu ni milima iliyofuatana. Mlima mmoja waweza kuwa na vilele kadhaa. Kibo na Mawenzi ni vilele vya Mlima Kilimanjaro, na Uhuru, wenye mita 5,895, ni sehemu ya juu kabisa ya Kibo, iliyopewa jina hilo wakati Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Kwa hiyo ni vema kuandika Milima ya Mahale kwa safu, na Kilele cha Nkungwe kwa sehemu yake ya juu kabisa, wala isichanganywe na Rungwe, ambao ni mlima mwingine katika Mkoa wa Mbeya.

Neno la aina husaidia hata sarufi. Tukisema "Mlima Meru unaonekana", upatanisho wa sarufi umeshika mlima, na msomaji hatafikiri habari za mji. Tukisema "Meru inaonekana", mlango uko wazi kwa kila dhana.

4. Mapendekezo

Kwanza, jina litajwapo mara ya kwanza katika maandishi, litanguliwe na neno la aina: Kata ya Oldonyo Sambu, Mlima Oldonyo Sambu. Wako watakaosema kwamba "Mlima Oldonyo" ni kusema mlima mara mbili. Ni kweli kwa ajuaye Kimaasai. Lakini msomaji asiyekijua anahitaji neno hilo. Kwa sababu hiyo hiyo twasema Mlima Kilimanjaro, ingawa kilima kinasikika ndani ya jina, wala hakuna anayelalamika.

Pili, palipo na majina mawili yanayolingana, kiongezwe kibainishi kwa kiunganishi "-a": Mto Songwe wa Rukwa, Mto Songwe wa Nyasa, Kabwe ya Nkasi, Kabwe ya Zambia, Chala ya Nkasi, ambayo ni kijiji, na Ziwa Chala la Kilimanjaro. Kibainishi kiwe kitu cha kudumu, kama ziwa, safu ya milima au mji unaojulikana. Mipaka ya utawala hubadilika. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974 nao ulikuwa na Mpanda ndani yake. Mwaka 2012 Mpanda ikawa katika Mkoa wa Katavi. Kibainishi "cha Rukwa" kilichoandikwa kwa kijiji cha Mpanda mwaka 1990 kilikuwa sahihi. Leo kinampoteza msomaji. Palipo lazima kutaja mkoa, na utajwe pamoja na mwaka.

Tatu, tahajia ichukuliwe kwa wenyeji, na tahajia nyingine itajwe mara moja katika mabano: Milima ya Mbizi (pia Mbisi). Hii ndiyo njia iliyopendekezwa kimataifa tangu mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wa kusanifisha majina ya kijiografia, uliofanyika Geneva mwaka 1967: majina yakusanywe mahali yanapotumika, na kila nchi iwe na chombo chake cha kuyaidhinisha.

Nne, tusitatue ulinganaji kwa kufuta jina. Shauri hili hutolewa mara nyingi, na kwa mtazamo wa ofisi huonekana rahisi. Lakini jina ni la wanaoishi mahali hapo. Wavuvi wa Kabwe hawakukosea walipoiita bandari yao Kabwe, wala hawawajibiki kwa sababu mji ulio Zambia una reli na ulikuwa na migodi. Wajibu wa kubainisha ni wa mwenye kalamu.

Hitimisho

Kubainisha jina hugharimu neno moja au mawili. Kutolibainisha hugharimu barua iliyopotea, somo lililopotoshwa, na pengine msaada uliofika penye mto usiofurika. Tunawaomba walimu na watumishi walioko mikoani, hasa wale wanaosikia lugha za wenyeji kila siku, waandike majina ya milima na vilele vya jirani zao kama yanavyotamkwa, pamoja na irabu zake ndefu, na watuletee. Orodha itakayopatikana kwa njia hiyo itatufaa kuliko kanuni yoyote tuwezayo kuitunga tukiwa mezani.