Marehemu ni Nani? Lugha ya Kuwakumbuka Watu wa Filamu na Televisheni

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili kinavyotumika kuwakumbuka watu wa filamu na televisheni waliokwisha kufariki, na kuonyesha mahali ambapo matumizi hayo yanawatendea haki na mahali ambapo yanawasahau.

Swali lilitujia darasani. Tuliwaomba wanafunzi waandike taazia fupi ya mwigizaji wanayemfahamu. Mmoja wao aliandika: « Marehemu Mzee Ojwang anatuchekesha hata leo. » Wenzake waligawanyika. Wengine walisema kwamba sentensi hiyo ina kosa, kwa kuwa marehemu hawezi kumchekesha mtu. Wengine hawakuona kosa lolote. Tulipoitazama vizuri, tuliona kwamba pande zote mbili zilikuwa zimegusa jambo la kweli.

Mtu wa kawaida akifa, sauti yake hubaki masikioni mwa wale tu waliomjua. Mwigizaji akifa, uso wake na sauti yake huendelea kuingia nyumbani mwetu kila jioni. Kwa hiyo anayemwandikia taazia ana kazi mbili: kumweleza mtu aliyeondoka, na kuieleza kazi isiyoondoka. Lugha yetu ina vyombo vya kazi hizo mbili, ila inatupasa tujue kuvitenganisha.

2. Marehemu na hayati

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Marehemu ni aliyerehemiwa. Kwa hiyo ndani ya neno hilo mna dua. Hayati linatokana na neno lenye maana ya uhai, na huko Tanzania na Kenya huwekwa hasa mbele ya jina la mtu mashuhuri. Kwetu Kongo hayati ni nadra. Marehemu huwatosha wakubwa na wadogo.

Ikiwa marehemu ni dua, basi linamhitaji mtu wa kuombewa. Mhusika wa mchezo hahitaji kurehemiwa, kwani hakuzaliwa wala hakuzikwa. Ndiyo maana sentensi ya mwanafunzi wetu iliwatatiza wenzake: dua ilielekezwa kwa Mzee Ojwang, na Mzee Ojwang hakufa. Aliyefariki tarehe 12 Julai 2015 ni Benson Wanjau.

3. Jina lipi?

Hapa tunafika kwenye kiini cha jambo. Katika nchi za Kiswahili, watazamaji wana desturi ya kumwita mwigizaji kwa jina la kuigizia, hata jina la nyumbani likafunikwa kabisa. Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, aliliwa na wengi kwa jina la King Majuto. Said Ngamba, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa Mzee Small. Charles Bukeko, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa Papa Shirandula. Desturi hiyo si ngeni kwetu Lubumbashi: kundi la michezo ya kuigiza lililoenea kwa radio na televisheni, na ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1990, linajulikana kwa jina la Mufwankolo, yaani jina la jukwaani la kiongozi wake.

Tusiidharau desturi hiyo. Jina la kuigizia ni zawadi ya watazamaji. Hakuna anayepewa asipolistahili. Lakini likiachwa peke yake, linaweza kuficha sanaa yenyewe. Mfano wa Benson Wanjau unatosha. Katika Vitimbi, mchezo wa televisheni ya taifa ya Kenya, Mzee Ojwang husema Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na watazamaji wengi walimdhani Mjaluo. Kumbe Wanjau alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile iliyowachekesha watu kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya sikio na ulimi, kazi ya msanii aliyesikiliza lugha ya jirani mpaka akaimudu. Anayeandika « Mzee Ojwang amefariki » na kuishia hapo anamzika Wanjau pamoja na ustadi wake.

Papa Wemba naye alikuwa na majina matatu. Nyumbani aliitwa Shungu Wembadio. Katika muziki, Papa Wemba. Katika filamu La Vie est belle ya mwaka 1987, Kourou. Tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani mjini Abidjan na kufariki. Taazia nyingi zilimlilia mwanamuziki, na hiyo ni haki. Lakini aliyemtaja Kourou aliongeza kitu, maana alitukumbusha kwamba Kongo ilimpoteza pia mwigizaji.

Kinyume cha hao ni Steven Kanumba, ambaye umma ulimlilia kwa jina lake mwenyewe. Ingawa katika kila filamu alikuwa mtu mwingine, jina la mhusika halikumfunika. Diski za filamu zake ziliuzwa katika masoko yetu, na vijana wengi wa hapa walijifunza kwazo Kiswahili cha Dar es Salaam.

4. Wakati wa kitenzi

Tutazame sasa viambishi vya wakati. Tuchukue sentensi tatu:

(a) Kanumba amefariki.
(b) Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012.
(c) Katika La Vie est belle, Papa Wemba anaigiza Kourou, mwanamuziki maskini anayetoka kijijini kwenda Kinshasa.

Sentensi (a) ni ya tanzia, yaani habari ya kifo inapotufikia. Kiambishi -me- kinaleta tukio mpaka mlangoni: jambo limetokea na uzito wake uko juu yetu. Sentensi (b) ni ya kumbukumbu. Kiambishi -li- kinalipa tukio tarehe yake na kuliweka mahali pake. Kati ya (a) na (b) kuna safari ya waliofiwa. Hakuna sarufi inayosema safari hiyo ichukue siku ngapi. Lakini siku mtu anapoacha kusema « ametutoka » na kuanza kusema « alitutoka », matanga yamekwisha moyoni mwake. Hata katika Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi, ambapo husikika « alikufwa » badala ya « alikufa », -li- hiyo inafanya kazi ileile.

Sentensi (c) ndiyo inayowapa wanafunzi taabu. Je, inafaa kutumia -na- kwa mtu aliyefariki? Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti moja: -na- iwe ya kazi, si ya maisha. Papa Wemba aliishi, aliimba, alifariki. Kourou anatoka kijijini, anatafuta riziki, anampenda Kabibi, kila mara filamu inapoonyeshwa. Filamu za mwisho za Kanumba zilitolewa baada ya kifo chake; watazamaji walimwona kwa mara ya kwanza akitenda mambo hayo ilhali amekwisha kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni. Kitenzi gani kingewatosha isipokuwa -na-?

Sasa sentensi ya mwanafunzi wetu inaweza kurekebishwa bila kuiua: « Marehemu Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, Mzee Ojwang wake anatuchekesha hata leo. »

5. Wasioonekana

Hadi hapa tumewataja wenye nyuso. Lakini filamu ina mwongozaji, mpiga picha, mhariri wa picha, fundi wa sauti, mshonaji wa mavazi. Majina yao hupita mwishoni, wakati watu wameanza kuinuka. La Vie est belle iliongozwa na Mwezé Ngangura pamoja na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Lamy alifariki mwaka 2008. Ni wangapi kati ya wanaoipenda filamu hiyo waliopata habari?

Tuna sababu ya nyumbani ya kuuliza hivyo. Mjomba wetu alikuwa fundi wa sauti katika kituo kimoja cha televisheni nchini. Alipofariki, tangazo lilimwita « mtumishi wa zamani », basi. Kwenye matanga, hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kutaja mchezo mmoja alioufanyia kazi. Usiku wa pili, mwenzake wa zamani aliyekuwa ameketi karibu na moto alituuliza kama tunakumbuka mchezo fulani wenye mvua kubwa. Tuliukumbuka wote. Akasema: « Mvua ile ilikuwa yake. Ilikuwa mchele, akiumwaga polepole juu ya sahani ya bati. » Tulipotaka kuutafuta mchezo huo, tuliambiwa kwamba kaseti yake ilikuwa imerekodiwa vipindi vingine juu yake. Hivyo mtu alikwenda bila jina, na kazi ikamfuata.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba anayeandika taazia ya mtu wa filamu au televisheni azingatie mambo manne. Kwanza, aweke marehemu mbele ya jina la mtu, kisha ndipo alitaje jina la kuigizia. Pili, maisha ayasimulie kwa -li- na kazi kwa -na-. Tatu, ataje angalau kazi moja na kueleza ni ustadi gani ulioonekana ndani yake: lafudhi, mwendo, mvua ya mchele. Nne, asiishie kwa wenye nyuso.

Jambo hilo la nne linatuhusu sisi wa chuo kuliko wengine. Mafundi wa kwanza wa televisheni katika miji yetu ni wazee sasa. Mwanafunzi mwenye kalamu na daftari anaweza kwenda kwao leo na kuuliza: « Baba, sauti ile mliifanyaje? » Akingoja, swali hilo atakuja kuulizia matangani, naye hatakuwa na hakika ya kumkuta, karibu na moto, mzee anayejua jibu.