Kabla ya kulaumu dawa, kagua nozeli ya bomba

WAKULIMA wa pamba wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, na wenzao wa Mkoa wa Geita wana malalamiko yanayofanana kila msimu: dawa imepulizwa, funza wa vitumba bado wanakula. Lawama humwangukia muuzaji. Ni kweli dawa bandia zipo sokoni, lakini kabla ya kurudi dukani na chupa mkononi, upo uwezekano mwingine ambao hauhitaji maabara kuuchunguza. Huenda kosa liko kwenye kitundu cha nozeli ya bomba la mgongoni.

Dawa haitoki kwenye nozeli ikiwa tayari ni matone. Hutoka kama utando mwembamba wa maji unaozunguka na kufunguka mithili ya faneli. Utando huo hauwezi kudumu. Hupepesuka kama bendera kwenye upepo, huchanika kuwa nyuzi, na nyuzi nazo hujibana hapa na kuvimba pale hadi zinakatika vipande vipande. Vipande hivyo ndiyo matone. Fungua bomba la maji kidogo sana utaona jambo hilo hilo: juu maji ni uzi laini, chini ni shanga.

Mwaka 1833 Mfaransa Félix Savart aligundua kuwa ala ya muziki yenye nyuzi ikipigwa karibu na mchirizi wa maji, mchirizi hukatika mapema na matone hujipanga kwa kufuata sauti. Baadaye katika karne hiyo hiyo Lord Rayleigh wa Uingereza alikokotoa kwamba uzi wa maji hukatika kwa vipande vyenye urefu wa karibu mara nne na nusu ya unene wake, na tone linalozaliwa huwa na upana unaokaribia mara mbili ya uzi. Uzi mnene, tone kubwa.

Hapo ndipo pesa ya mkulima inapoingia. Tone likiongezeka upana mara mbili, linabeba dawa mara nane. Maana yake, kiasi kilichotosha kutengeneza matone manane sasa kinatoa moja tu, tena zito, linaloteleza kwenye jani na kudondoka ardhini. Funza aliye upande wa pili wa kitumba haguswi.

Kinachopanua kitundu ni mchanga. Maji ya malambo mengi ya Usukumani ni ya tope, na nozeli ya plastiki laini au shaba huliwa taratibu bila mtu kujua, kwa kuwa bomba bado linatoa mvuke mzuri kwa macho. Nozeli ikitoa asilimia 20 zaidi, na mkulima akitembea mwendo ule ule, dawa iliyopangiwa eka sita itaishia eka ya tano. Iwe imetoka AMCOS au dukani, eka moja imekwenda na maji.

Kuna pia suala la mkono. Mpini wa bomba hauendi kasi kama uzi wa ala ya Savart, hivyo hauwezi kupanga tone moja moja, lakini mtiririko wote hupanda na kushuka pamoja nao. Chemba ya hewa ndani ya bomba imewekwa ili kupunguza mshtuko huo. Mpigaji akipiga mara tatu kwa nguvu kisha akapumzika hatua kumi, presha huanguka, faneli hunywea na matone huwa makubwa. Mistari mingine inapata dawa, mingine inaoshwa tu. Anayepiga mpini kwa kufuata hatua zake, bila haraka, hupata mtiririko ulio sawa. Na kujaribu kuongeza dawa kwa kupiga zaidi hakulipi: ili mtiririko uwe mara mbili, presha inatakiwa iwe mara nne.

Wachenjuaji wa dhahabu huko Geita wanakutana na hali inayokaribiana na hiyo kwenye mialo. Maji yakimwagwa kwa vishindo, mawimbi hukusanyika kwenye mteremko na kuchota dhahabu laini iliyokwisha kutulia.

Matone madogo kupita kiasi nayo ni hasara. Tone la milimita 0.1 hushuka kama sentimita 27 tu kwa sekunde. Likiachiwa mita moja juu ya ardhi kwenye upepo wa mita mbili kwa sekunde, litatua mita saba au zaidi kutoka pale lilipokusudiwa, pengine kwenye mboga za jirani au usoni mwa mpulizaji. Ndiyo sababu asubuhi na mapema ni bora kuliko saa sita mchana.

Kipimo ni rahisi. Jaza bomba maji safi, piga mpini kwa mwendo wa kawaida, kinga maji ya nozeli kwenye chombo chenye alama kwa dakika moja. Rudia na nozeli mpya ya aina ile ile. Ya zamani ikizidi kwa asilimia 10, itupwe. Maji yachujwe kwa kitambaa kabla ya kuingia kwenye bomba, na nozeli iliyoziba isafishwe kwa maji au brashi laini. Msumari na mwiba hupanua kitundu, na kuipuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu.

Kwa wenye maduka ya pembejeo, kuanzia Mhunze hadi Katoro, hapa kuna biashara ambayo wengi hawaijali. Mabomba wanayo, nozeli za akiba mara nyingi hawana, na za kauri, zinazostahimili mchanga kuliko shaba, ni adimu zaidi. Zinafaa kuwa rafuni kabla mbegu za Novemba hazijaingia shambani.