Viatu vinabana, presha inapanda: Homoni ya ukuaji na mishipa yako ya damu

Mguu wa mtu mzima haurefuki kama wa mtoto. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona pete ya ndoa iliyokuwa ikizunguka kidoleni sasa haitoki hata kwa sabuni, na viatu vya namba 41 vilivyokutosha miaka michache iliyopita vinakubana, usiishie kununua namba 43. Nenda ukapimwe presha, na umweleze daktari habari za hivyo viatu.

Viatu na presha vinahusiana nini? Ndiyo mada yetu ya wiki hii. Ninawaandikia hasa wagonjwa na wazazi wa Mbinga na wilaya jirani ya Nyasa, kuanzia milima ya Umatengo hadi ufukweni Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Kutoka huko hadi kwa daktari bingwa wa homoni ni safari ndefu. Mgonjwa anayejua aeleze nini anapofika zahanati huifupisha safari hiyo.

Tezi ndogo, kazi kubwa

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Miongoni mwa homoni inazotengeneza ni homoni ya ukuaji. Homoni hii huliamuru ini litoe kichocheo kingine kiitwacho IGF-1, na vyote viwili hurefusha mifupa ya mtoto.

Wengi hudhani mtu akishamaliza kurefuka, homoni hii haina kazi tena. Si kweli. Kwa mtu mzima huendelea kuyeyusha mafuta, kutunza misuli na kulinda mishipa ya damu. Ndani ya kila mshipa kuna utando laini. Utando huo hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Homoni ya ukuaji ikiwa katika kiwango chake, kazi hiyo huenda vizuri. Ikizidi au ikipungua, mishipa huumia.

Inapozidi

Mara nyingi chanzo ni uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ambao kwa kawaida si saratani. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, humfanya arefuke kupita kiasi. Kwa mtu mzima mifupa haiwezi tena kurefuka, hivyo hunenepa: mikono, miguu, taya, pua na paji la uso. Ugonjwa huu huitwa akromegali, jina alilolitoa daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886.

Hatari yake kubwa hata hivyo haiko usoni. Homoni ikizidi, figo huzuia chumvi na maji visitoke, damu huongezeka ujazo na presha hupanda. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu ana shinikizo la juu la damu. Insulini nayo hushindwa kufanya kazi vizuri, kisukari kikaingia. Misuli ya moyo hunenepa. Ulimi na koo hukua, mtu akakoroma na kukatika pumzi usingizini, jambo linaloipandisha presha zaidi.

Tatizo ni kwamba mabadiliko haya huja polepole, na wanaoishi na mgonjwa kila siku hawayaoni. Wengi hugunduliwa baada ya miaka mitano hadi kumi. Muda wote huo mtu anaweza kuwa anatibiwa presha peke yake, sukari peke yake na maumivu ya viungo peke yake, bila mtu kuunganisha.

Chukua picha yako ya zamani, ya kipaimara au ya harusi, uiweke karibu na ya sasa. Kama sura imebadilika kuliko umri unavyoeleza, nenda na picha zote mbili hospitali. Ongeza haraka kama unaumwa kichwa mara kwa mara au unashindwa kuona vitu vya pembeni, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa unaubana mshipa wa fahamu wa macho.

Inapopungua

Hapa nazungumza kwanza na mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Wakati wa ujauzito tezi ya pituitari huwa kubwa kuliko kawaida na huhitaji damu nyingi. Damu ikipungua ghafla, sehemu ya tezi inaweza kufa. Dalili ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka. Baadaye hedhi hairudi, nywele za kwapani hupukutika, baridi hukaa mwilini na uchovu hauishi. Wapo wanaosemwa kuwa wamekuwa wavivu au wamerogwa, kumbe ni ugonjwa wenye jina na dawa.

Wengine walio hatarini ni waliopata ajali mbaya ya kichwa, zikiwemo za bodaboda, na waliofanyiwa upasuaji au kupigwa mionzi eneo la ubongo.

Mtu mzima aliyepungukiwa homoni ya ukuaji huota mafuta tumboni, lehemu mbaya hupanda, na ule utando wa mishipa hutoa naitriki oksaidi kidogo. Kuta za mishipa huwa nene mapema kuliko umri wake. Presha inaweza kuwa ya kawaida au hata ya chini, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kwa hiyo usiridhike na kipimo cha presha pekee. Omba pia sukari na lehemu.

Tahadhari moja. Pituitari ikiharibika, homoni nyingine nazo hupungua, hasa kotisoli, ambayo bila yake mtu anaweza kufa akipata malaria au kuhara. Ukiandikiwa vidonge vya kuirudisha, usiviache hata siku moja, na uulize mapema dozi iongezwe vipi unapougua.

Mtoto asiyerefuka

Mzazi mwenzangu, tusikimbilie homoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Ruvuma asilimia 35.6 ya watoto chini ya miaka mitano wana udumavu, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Watoto wengi wafupi wamekosa lishe bora, wanaugua mara kwa mara, au wamerithi kimo cha wazazi wao.

Mwenye upungufu wa homoni ana alama zake. Viungo vyake vina uwiano wa kawaida, uso ni wa kitoto kuliko umri, tumbo lina mafuta, na ukuaji wake umepungua kasi. Kuanzia miaka minne hadi kubalehe, mtoto huongezeka kama sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka. Weka alama ya penseli ukutani kila baada ya miezi sita, bila viatu, ukiandika na tarehe. Akiongezeka chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mpeleke hospitali pamoja na kadi yake ya kliniki.

Akianzishiwa sindano za homoni, kwa kawaida huchomwa kila siku, na dawa hukaa kwenye jokofu. Usiihifadhi ndani ya barafu ya samaki: ikiganda, imeharibika. Na akishafikia kimo chake, usimwondoe kliniki. Apimwe upya, kwa sababu upungufu ukiendelea, mishipa yake bado inahitaji kuangaliwa ukubwani.

Njia ya matibabu

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo utapewa rufaa hadi hospitali ya mkoa Songea, na ikibidi hospitali ya kanda Mbeya au Muhimbili. Kipimo cha kuanzia ni damu ya IGF-1. Kupima homoni ya ukuaji mara moja tu hakutoshi, kwani hupanda na kushuka kutwa nzima. Baadaye hufuata kipimo cha MRI cha tezi.

Uvimbe wa akromegali mara nyingi hutolewa kwa upasuaji kupitia puani. Wengine huhitaji sindano za kila mwezi, vidonge au mionzi. Homoni ikirudi katika kiwango, presha na sukari mara nyingi hupungua, na umri wa mgonjwa hukaribia wa watu wengine. Taya halitarudi lilivyokuwa, lakini moyo unaweza kupata nafuu. Matibabu haya ni ghali, basi uliza mapema bima yako inalipia nini.

Wakati unasubiri rufaa, ilinde mishipa yako. Usiache dawa za presha. Punguza chumvi: usipa waliokaushwa juani bila chumvi ni bora kuliko samaki wa chumvi. Acha sigara. Anayelima ngoro kila siku tayari ana zoezi la kutosha. Wewe unayeshinda dukani, tembea nusu saa. Na usikubali sindano za homoni zinazouzwa mitaani kwa ajili ya kutunisha misuli au kurudisha ujana, kwa maana zinaweza kukuletea presha na kisukari ambavyo hukuwa navyo.

Kama umesoma hadi hapa na umemkumbuka mtu, dada aliyekosa maziwa baada ya kutokwa damu au kaka ambaye kofia zake zimekuwa ndogo, mkatie ukurasa huu aende nao zahanati. Presha yake ikifika 140/90 au zaidi, asiondoke bila kueleza na hayo mengine.

Tukutane wiki ijayo.