Damu uliyochangia mwezi jana iko wapi?
Ukichangia damu, usidhani inakaa benki miaka. Ikizungushwa kwa kasi kwenye mashine inajitenga: juu utegili (plazma), yale maji ya manjano yenye protini, chumvi na homoni, chini chembe nyekundu, wabebaji wa oksijeni, katikati utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani.

Utegili ukiwekwa kwenye friza hukaa hata mwaka. Chembe nyekundu, kwenye friji, siku 35 hadi 42. Lakini chembe sahani, zile zinazokimbilia kuziba kidonda, siku 5 hadi 7 tu! Tena hazitaki baridi: zinatikiswa polepole muda wote kwenye nyuzijoto 20 hadi 24. Mgonjwa wa saratani ya damu anayezihitaji leo, zako za mwezi jana zimeshatumika au kutupwa.