Ruzuku ya Shamba ni Amana

Mkulima wa Mtwara apokeapo mfuko wa salfa katika ghala la chama cha msingi, aghalabu husema, "Serikali imetupa." Neno hilo ni zuri kwa adabu, lakini halitoshi kwa maana. Yatupasa tuulize: kilichotolewa kimetoka wapi, kimetolewa kwa ajili gani, na aliyekipokea adaiwa nini? Maswali haya yamo nyumbani mwetu, kwani tangu Msimbati na Mikindani mpaka Tandahimba na Newala, mkorosho ndio ununuao nguo ya sikukuu, daftari la mtoto na bati la nyumba.

Ndugu msomaji, mkorosho si mti wa asili kwetu. Wareno ndio walioufikisha pwani hii katika karne ya 16, ukaupenda mchanga wetu na jua letu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Lakini ilipofika katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya na kuyaacha mashamba mbali. Bei nayo ilikuwa hafifu. Na juu ya hayo ukaja ubwiri unga, ugonjwa uliotambuliwa hapa nchini mnamo 1979, ambao hufunika maua kwa vumbi jeupe yakakauka kabla ya kuzaa. Dawa yake iliyojulikana zaidi ni salfa ya unga, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walifanya kazi kubwa kuifundisha matumizi yake. Lakini salfa hutoka ng'ambo kwa meli, na bei yake humshinda mjane mwenye mikorosho thelathini. Hapo ndipo ilipoingia haja ya ruzuku, yaani Serikali kubeba sehemu ya gharama, au gharama yote, na mkulima kubeba kazi.

Basi fedha hizo zatoka wapi? Hazikushuka kama mvua. Kwa miaka mingi sheria imetoza ushuru juu ya korosho ghafi zipelekwazo nchi za nje: asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 za Marekani kwa tani, ile iliyo kubwa zaidi. Mpaka 2018, asilimia 65 ya ushuru huo ilirudishwa kuliendeleza zao lenyewe, zikiwamo pembejeo. Mwaka huo sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaingia katika mfuko mkuu wa Serikali. Vyovyote zipitavyo, chanzo chake ni ile korosho iliyookotwa na mama aliyeinama tangu alfajiri. Mwenye kuichezea ruzuku haiibii Serikali peke yake. Amwibia na mama huyo.

Natufanye hesabu, kama tuwafundishavyo watoto. Mafundi wa kilimo walishauri gramu 250 za salfa kwa mkorosho mkubwa kila upuliziapo, nao hupuliziwa mara tano kwa msimu. Hiyo ni kilo moja na robo kwa mti. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 12, eka moja huchukua kama 28, nayo yahitaji kilo 35. Sasa mtu ana eka nne, akaandikisha kumi. Eka sita za uongo ni kilo 210, yaani zaidi ya mifuko minane ya kilo 25. Mifuko hiyo ingeponya mikorosho 168 ya jirani zake. Uongo wa kalamu moja umekausha maua ya nyumba kadha wa kadha, wala mwenyewe hakusikia kilio cha mtu. Na mbaya kuliko huyo ni mlezi aandikishaye mikorosho ya yatima kwa jina lake, kisha akaipulizia yake na kuiacha ile ya yatima ife. Mali ya yatima haina mlango wa hila.

Wako wasemao kwamba ni heri Serikali iamrishe tu, watu watunze ardhi kwa kuogopa faini. Historia yawajibu. Katika milima ya Uluguru, wakati wa Waingereza, watu walilazimishwa tangu 1950 kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na maji. Kusudi lilikuwa jema, lakini shurti ilizaa chuki. Julai 1955 pakatokea ghasia Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Tuitazame na Marekani. Dhoruba za vumbi zilipoharibu mashamba yao katika miaka ya 1930, sheria ya 1935 iliunda idara ya kuhifadhi udongo, na tangu 1936 Serikali yao humlipa mkulima sehemu ya gharama za kuihifadhi ardhi yake, naye hutoa iliyobaki. Mtu hulinda alichochangia.

Hapa kwetu nako kuna mfano wa namna hiyo: TASAF huzilipa ujira kaya maskini kwa kazi za kijiji, kama kupanda miti, kuchimba malambo na kukinga mmomonyoko.

Nayo sehemu ya mkulima ni ipi? Kwanza, apalilie na kufyeka mapema ili moto usipate njia, kwani moto wa siku moja huteketeza mti uliolelewa miaka ishirini. Pili, asimwage salfa kupita kipimo, kwa kuwa ikizidi huufanya udongo kuwa mchachu, na mchanga wetu hauna nguvu nyingi za kustahimili. Tatu, apande kunde au mbaazi kati ya mikorosho michanga, ili ardhi isibaki uchi. Na jamaa wa maingilio ya Ruvuma, ambako hifadhi ya bahari iliundwa mwaka 2000, wasikate mikoko ovyo, kwa maana mikoko ndiyo ukuta wa pwani na malezi ya samaki na kamba.

Enyi vijana, msidharau kazi hii. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba alacho ndege, mtu au mnyama katika mti wa Mwislamu, huandikiwa aliyeupanda kuwa ni sadaka. Apandaye afikiri, basi, na kwa mali ya nani ameupulizia. Andikisheni eka zenu kwa idadi yake, semeni kweli mbele ya karani, na msimamieni mjane apate fungu lake. Mwenyezi Mungu atubarikie mashamba yetu na atujaalie kuwa watunza amana. Amin.