Fedha za pampu si za Krismasi

Fikiria umerudi Budondo kutoka Malaba, umechoka baada ya siku mbili za foleni. Unafungua bomba, maji hakuna. Pampu ya kisima mnachochangia na majirani imeungua. Unauliza michango ya kila mwezi iko wapi. Unajibiwa, "Si tuligawana Desemba?"

Budondo, kaskazini mwa Jinja kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Nile, iliingia katika Jiji la Jinja Julai 2020, mwezi ambao Mbale nayo ilipata hadhi ya jiji. Lakini hadhi hiyo haileti kila huduma kwa siku moja. Majirani wakichimba kisima pamoja, wakimwaga murram barabarani au wakiweka geti, vitu hivyo ni vyao, na siku vikichakaa gharama ni yao.

Kosa la kwanza ni kuendesha mfuko wa majirani kama kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi huvunja sanduku mwisho wa mwaka, na ni haki yake, kwa kuwa kila mwanachama huchukua chake. Mfuko wa akiba una kazi nyingine: unasubiri siku ya pampu, ya tangi na ya barabara. Wahenga walisema akiba haiozi, ila hii ikikosa kanuni huliwa.

Anzeni na orodha kabla ya kupanga mchango. Andikeni kila mnachomiliki pamoja, miaka kilichobakiza, na bei ya kukibadilisha. Tuseme nyumba ni 10. Pampu ya shilingi milioni 6 imebakiza miaka 5: wekeni milioni 1.2 kwa mwaka. Murram ya milioni 3.6 itahitajika baada ya miaka 3: milioni 1.2. Tangi na geti, milioni 4.8 kwa miaka 8: laki 6. Jumla ni milioni 3 kwa mwaka, yaani shilingi 25,000 kwa kila nyumba kila mwezi. Hesabu hii ni ya mfano tu. Ulizeni fundi bei za kwenu, na mzipitie upya kila mwaka kwa sababu bei hupanda.

Fedha hizo zikae wapi? Zikomae kabla ya kitu kuharibika. Kiasi cha dharura kikae kwenye akaunti ya benki. Za miezi michache ijayo zinaweza kununua dhamana za muda mfupi za serikali, ambazo Benki Kuu ya Uganda huuza kwa siku 91, 182 au 364, kuanzia shilingi 100,000, kupitia benki za biashara. Riba yake hukatwa kodi ya asilimia 20. Za miaka miwili na zaidi zinaweza kuingia kwenye hatifungani, zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka. Msifunge fedha za murram ya miaka 3 kwenye hatifungani ya miaka 10, kwani mkilazimika kuiuza mapema mnaweza kupata hasara.

Mkumbuke pia kwamba Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda humlipa mwenye akaunti hadi shilingi milioni 10 katika kila benki inayofungwa. Mkivuka hapo, gawanyeni fedha katika benki mbili.

Mfanyabiashara wa mpakani ana kishawishi chake. Bei ya mahindi ikipendeza Busia, mfuko wa majirani huonekana kama mtaji wa wiki mbili tu. Mzigo ukikwama forodhani, pampu nayo imekwama. Andikeni katika katiba yenu kwamba mfuko haukopeshwi kwa mwanachama yeyote, hata mwenyekiti. Wekeni watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, na angalau wawili wawe watu wasiosafiri. Taarifa ya benki isomwe mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Aliye safarini atume mchango wake kwa simu, moja kwa moja kwenye akaunti, si kwenye simu ya mweka hazina.

Desemba ikifika, mtu akiuliza kilichobaki kigawanywe vipi, msomeeni orodha ile. Kila shilingi tayari ina kazi yake.