Je, Wajua? Mzabibu Usio na Jina

Je, wajua kwamba zabibu ikishachumwa haiivi tena? Ndizi utazivundika, maembe vilevile, lakini zabibu chachu iliyokatwa leo itabaki chachu mpaka inyauke. Kwa hiyo ukihamia nyumba yenye mzabibu usiojulikana uani, usiharakishwe na rangi. Ionje ingali mtini.

Walio mashariki mwa Marekani wapasue kwanza, ndipo waonje. Huko kuna mtambazi wenye sumu, Menispermum canadense, ambao matunda yake yanafanana mno na zabibu mwitu. Ndani yake mna mbegu moja bapa, iliyopinda kama mwezi mwandamo. Zabibu huwa na mbegu kadhaa zenye umbo la tone la maji, au hazina kabisa, na mzabibu una vikono vya kujishikizia, mwenzake hana.

Sasa minya punje. Ganda likivuka kama soksi na nyama ikateleza nzima, huenda ni jamii ya Kimarekani, kama Concord, ambayo Ephraim Bull aliichagua huko Massachusetts mwaka 1849 kati ya miche aliyoiotesha kwa mbegu. Harufu yake ndiyo ile ya pipi za zambarau! Ifanye juisi au jemu. Ganda likigandamana na nyama, yaelekea ni jamii ya Ulaya, ndugu wa zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka.

Mbwa asipewe hata punje moja. Figo zake zinaweza kufeli.